Somo: Kifaranga hali, au anakula na chakula hakishuki

Wapendwa wafugaji, mvua zimeanza na swali ni lile lile: "Vifaranga wamegoma kula, niwape dawa gani?" Nawaomba sana, kabla ya dawa yoyote mshike kifaranga umpapase gole, kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, upande wa kulia kidogo. Hapo ndipo utajua chakula kimekwama wapi.

Hatua ya 1: Joto. Wiki ya kwanza bruda, yaani sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, iwe na nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Kama huna kipimajoto, watazame usiku. Wakilundikana na kulia, wanasikia baridi; wakikimbilia pembeni midomo wazi, wamezidiwa na joto. Kifaranga aliyepoa hali, na hata alichokula hakisagiki. Sisi wa Mtwara na Lindi tunajiaminisha kwamba kwetu ni joto siku zote, lakini mvua ya alfajiri ikija na upepo wa bahari kwenye banda la makuti, wanaumia. Ukitumia jiko la mkaa, hewa ipite. Hewa yake chafu haionekani na inaua.

Hatua ya 2: Gole. Papasa jioni, papasa tena alfajiri. Kiini cha yai kinambeba kifaranga siku mbili tatu tu. Siku moja baada ya kuingia bruda, karibu wote wawe na gole lililojaa, laini kama uji mzito. Likiwa gumu, amekula bila maji. Likiwa maji matupu, chakula hakioni au hakifikii. Alfajiri linatakiwa liwe limeshuka. Likibaki limejaa, kuna kizuizi, mara nyingi nyasi ndefu, nyuzi za kiroba au maranda.

Hatua ya 3: Kinyesi. Kikiganda matakoni, lowesha kwa pamba na maji ya vuguvugu mpaka kilainike. Usivute, ngozi itachanika. Mkaushe, mrudishe kwenye joto.

Ukiona damu, hasa wiki ya tatu hadi ya sita, shuku koksidia, ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na vimelea vya utumbo. Vimelea vyake hukomaa kwenye maranda mabichi kwa siku moja au mbili, ndiyo maana masika wanatusumbua. Toa maranda yaliyolowa, wape amprolium kwenye maji kwa kipimo cha pakiti. Siku hizo simamisha vitamini B: dawa hii inafanya kazi kwa kuwanyima vimelea vitamini B1, na ukiiongeza unaipunguzia dawa nguvu.

Kinyesi cha kijani pamoja na shingo kupinda ni dalili za mdondo (kideri). Hauna tiba, una chanjo tu.

MASWALI

*Nachingwea:* Shikamoo mama. Nawapa unga wa makopa (muhogo mkavu) na pumba. Wanashiba lakini hawakui.

Marahaba mwanangu. Makopa yanashibisha, hayajengi mwili. Kifaranga anahitaji chakula chenye protini kama asilimia 20. Ongeza mashudu ya ufuta, kwetu yanapatikana, na dagaa, kwa sababu ufuta peke yake una upungufu wa laisini, kijenzi kimoja cha protini. Na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri hubaki na sumu.

*Kilwa Masoko:* Dada, wangu wanahara maji matupu ila wamechangamka. Dagaa nanunua hapa hapa pwani.

Waonje hao dagaa. Wakiwa na chumvi nyingi, vifaranga wanapata kiu, wanakunywa kupita kiasi na maranda yanalowa. Walowekwe, waoshwe, waanikwe tena ndipo usage.

*Masasi:* Mashudu ya karanga yameota ukungu kidogo. Nikiyaanika juani?

Hapana, yatupe. Ukungu unaweza kukauka ukatoweka machoni, lakini sumukuvu inabaki na inaharibu ini.

*Newala:* Mama, nawakatia nyasi, na mmoja wa wiki tano gole gumu tangu jana. Nimgeuze kichwa chini alitapike?

Usithubutu, anaweza kupaliwa akafa. Msimamishie chakula, maji yawepo. Mdondoshee mafuta ya kula matone machache pembeni ya mdomo, taratibu, kisha sugua gole polepole kwa vidole mara kadhaa kwa siku. Kesho alfajiri lipapase. Lisipopungua, mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo. Na hiyo nyasi uliyowakatia, iondoe leo.