Kusaka chanjo ya leptospira kwa laptopu, hatua kwa hatua

Masika yakishuka Kongowea, maji yanasimama pale sokoni na watu wanapita na ndara kwenye tope ambalo panya wamelikojolea usiku kucha. Leptospira ni bakteria, inakaa kwenye figo za panya, inatoka na mkojo, inakuingia kwa kidonda ama kwa macho. Shida ya chanjo ni serova, yaani aina ndogo ndogo za bakteria huyu: zimepita 200, na ukichanjwa ya moja kwa kawaida haikukingi na nyengine. Kwa hivo tunasaka protini ambayo leptospira zote hatari wanayo na iko nje kabisa, kingamwili iweze kuishika.

Hatua ya kwanza shusha jenomu (maandishi yote ya DNA) kutoka NCBI, ile hifadhi ya bure mtandaoni. Anza na Leptospira interrogans, serova Lai na Copenhageni, kisha ongeza spishi ndugu zake, kirschneri na borgpetersenii. Lai ni herufi kama milioni 4.7, bando halitaumia. Zile zilizokatikakatika vipande mia tano ziache.

Ya pili zipitishe zote kwa Prokka, programu ya kuonyesha jeni ziko wapi, halafu nyengine, Roary, ikwambie jeni zipi ziko kwa wote. Roary yenyewe inahesabu jeni kuwa ni ile ile zikifanana asilimia 95, sasa na spishi tofauti hivi lazima uishushe hiyo asilimia, mimi sikujua, nikaiacha ikisaga toka isha mpaka alfajiri nikaamka na vijijeni vichache mno, nikadhani nimevunja kompyuta.

Ya tatu ndo yenye kazi: iko wapi hiyo protini? Wengi wanatia PSORTb, programu ya kukisia protini inakaa wapi kwenye bakteria, na kuendelea, lakini protini nyingi za nje za leptospira ni lipoprotini (protini zilizoshikwa kwenye utando kwa mafuta), na programu za kutambua lipoprotini zimezoea E. coli, za spairokiti, yaani bakteria wa kujipinda kama leptospira, zinawapita. Tumia SpLip, ilitengenezwa kwa hawa hasa. Na hata hapo usiamini mbio mbio. Lipoprotini moja, LipL32, ilikuwa kama bi harusi: ndo nyingi kuliko zote kwenye utando wa nje, wabaya wanayo, leptospira zisizodhuru hawana, kila mtu akaikimbilia, na kinga yake ikawa ya kusuasua. Mwaka 2013 ikaonyeshwa kwamba iko chini ya uso, haijatokeza. Kompyuta ingeipa alama zote bana.

Nne, zilinganishe kwa BLAST na protini za binadamu, mwili usije ukajishambulia, inayofanana zaidi ya asilimia 35 natupa. Ukitaka chanjo ya ng'ombe linganisha na ng'ombe pia.

VaxiJen, programu ya kukisia kama protini itaamsha kinga, weka kizingiti 0.4 lakini ichukulie kama maoni ya jirani, maana ilifundishwa kwa antijeni (protini zinazoamsha kinga) 100 tu za bakteria.

Zilizobaki zitie AlphaFold ikuchoree umbo la protini, kisha BepiPred ikukisie epitopu, yaani pale kingamwili inaposhika, na uangalie kwa macho yako kama epitopu iko kwenye kitanzi kinachochungulia nje ama imejificha ndani. Hapa kingamwili ndo zinabeba kazi kubwa, so usianze na HLA (protini zinazoonyesha vipande vya mdudu kwa seli T) kama wale wa virusi. Jizoeze na protini mbili za leptospira, LigA na LigB: kipande cha LigA kimewahi kukinga hamsta (kamnyama ka maabara), ila si spishi zote hatari wanayo, LigB imeenea zaidi.

Kuunga vipande kwa GPGPG (kiungo kifupi cha amino asidi) na kupiga picha za dokingi, yaani kukisia kwa kompyuta vinavyoshikana na TLR4, kipokezi cha kinga mwilini, hiyo ya mwisho kabisa, kama una muda. Wa maabara mpelekee protini tano, si hamsini, na umwambie ajaribu kwa hamsta, kwa sababu panya wanaibeba leptospira na wala hawaumwi.