Jinsi ya kuandaa kipande cha tufaha kiwe kiunzi cha kukuzia seli katika maabara ya Nairobi

Seli za mnyama zikikuzwa juu ya plastiki bapa hutandaa na kulala kama mkeka, ilhali mwilini huishi zikiwa zimezungukwa na seli nyingine pande zote. Ndiyo sababu wahandisi wa tishu hutafuta kiunzi chenye vyumba, na mimea inacho tayari. Mwaka 2014, Andrew Pelling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, walionyesha kwamba tufaha lililoondolewa seli zake huacha mtandao wa selulosi ambamo seli za panya na za binadamu hushika na kuongezeka. Mwaka 2017 watafiti wa Worcester Polytechnic Institute, Marekani, walifanya vivyo hivyo kwa jani la spinachi, na seli za moyo walizozipanda juu yake zikadunda.

Anayeanza ningemshauri atumie tufaha, kwa kuwa halihitaji sindano wala bomba kama jani, ambalo sabuni hupitishwa ndani ya mishipa yake. Namaanisha tufaha la nchi za baridi, si lile la Pwani lenye jina hilohilo. Kuhusu spinachi, jihadhari: majani mapana yenye shina nene jeupe ambayo mama mboga wetu huyaita spinachi ni mmea mwingine, ingawa ni wa jamii moja na ule uliotumika Marekani, kwa hiyo usinakili muda na vipimo vyao ukitarajia matokeo yaleyale.

Chagua tunda gumu lisilo na michubuko, limenye, kisha lichane kwa kikatio cha mboga upate vipande vyenye unene wa takriban milimita 1. Tumia nyama iliyo kati ya ganda na kokwa peke yake, ukiikata miraba ya nusu sentimita. Itumbukize mara moja katika maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti (bafa ni kinachozuia uchachu wa maji usibadilike), kwa maana ikikaa hewani dakika chache tu huanza kuwa kahawia.

Kinachoondoa seli za tunda ni sabuni ya maabara iitwayo sodiamu dodesili salfeti, yaani SDS, kwa kiwango cha asilimia 0.5, ambacho ni gramu 5 kwa lita ya maji yaliyotoneshwa. Vaa barakoa unapoipima, kwa sababu unga wake huwasha pua na koo. Asubuhi za Julai, chupa ya akiba ya asilimia 10 huweza kuganda vipande vyeupe kwa baridi. Ipashe moto hadi nyuzi 37 na uitikise taratibu mpaka iwe angavu kabla ya kuizimua. Acha miraba ndani ya sabuni juu ya kitikisio kwa saa 24 hadi 48, ukibadilisha sabuni angalau mara moja. Utaona rangi ya maziwa ikififia, na kipande kikiwekwa juu ya karatasi iliyochapishwa, herufi zitasomeka kupitia kwake.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiharakisha, nami niliwahi kuiharakisha: kusuuza. Mara ya kwanza nilisuuza mara tatu, nikapanda seli, na kesho yake zote zilikuwa zimejikunja na kuelea kama vumbi, kwa kuwa sabuni iliyobaki ndani ya vyumba vya tufaha huyeyusha utando wa seli yoyote inayoigusa. Suuza kwa maji ya bafa kwa saa 12, ukiyabadilisha mara kwa mara. Kisha suuza kwa maji yaliyotoneshwa, kwa sababu fosfeti ikikutana na kalsiamu hutengeneza mashapo. Baada ya hapo loweka kwa saa 24 katika kalsiamu kloridi ya milimola 100 kwa lita (gramu 14.7 za ile yenye molekuli mbili za maji), inayosaidia kuing'oa sabuni iliyosalia, halafu urudie maji yaliyotoneshwa. Kutoweka kwa povu hakutoshi kuwa ushahidi. Loweka kipande kimoja usiku kucha katika kiowevu cha kukuzia, yaani maji yenye lishe ya seli, kisha zipe kiowevu hicho seli chache ulizonazo za akiba. Zikiamka zimenyooka na kushika vizuri, umesuuza vya kutosha.

Takasa vipande kwa ethanoli ya asilimia 70 kwa saa 1, uvisuuze mara tatu kwa bafa safi. Hapa mwinuko wa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, una neno. Ukitakasa bafa na vyombo kwa autoklavu (chungu cha mvuke wenye shinikizo), fuata kipimajoto hadi nyuzi 121, wala usitegemee geji ya shinikizo, kwa maana pauni 15 kwa inchi ya mraba za geji hapa hazifikishi joto hilo. Vilevile, asilimia 5 ya hewa ya ukaa ndani ya inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, ni kiasi kidogo kuliko asilimia 5 ya Mombasa, kwa kuwa hewa yetu yenyewe ni nyepesi. Kiowevu kikielekea rangi ya waridi iliyokolea, ishara kwamba hewa ya ukaa haitoshi kukizuia kisipoteze uchachu wake, pandisha hadi karibu asilimia 6.

Selulosi haina vishikio ambavyo seli za mnyama huvitambua, hivyo ninapenda kuvipaka vipande kolajeni, protini ambayo seli hushika, au angalau kuviloweka usiku mmoja katika kiowevu chenye seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli. Weka kila kipande katika kisima (kijishimo cha sahani ya kukuzia) ambacho seli haziwezi kukishika, la sivyo nyingi zitahamia kwenye plastiki. Dondosha tone la mikrolita 40 lenye seli kama 100,000 katikati, subiri saa 4 hadi 6 bila kukisogeza, ndipo uongeze kiowevu polepole kupitia ukingoni.

Baada ya wiki moja, tia rangi ya DAPI, inayong'aa buluu inaposhika DNA, kuonyesha viini na Congo red kuonyesha kuta za tufaha, ukitazama kwa darubini ya mng'ao. Siku hiyohiyo tia rangi kipande ambacho hakikupandwa seli: nukta zozote za buluu humo ni mabaki ya viini vya tunda lenyewe, na kundi hilo la vipande lirudishwe kwenye sabuni au litupwe.