Namna ya Kupima Mabadiliko ya Jeni Seli T Zinapoamilishwa

Kabla ya kutoa damu ya mtu yeyote, mtafiti wa Mombasa awe na ridhaa ya mtoaji kwa maandishi, idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya ya sayansi na teknolojia. Damu itiwe katika mirija yenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na ihifadhiwe kati ya nyuzi 18 na 25, wala isiwekwe kwenye barafu, kwa kuwa baridi huvuruga utenganishaji wa seli. Sharti hilo ni gumu kulitimiza mwezi wa Machi, sampuli kutoka Likoni inapongojea feri ndani ya gari lenye joto. Ibebwe basi katika sanduku lenye vifurushi vilivyopozwa bila kugandishwa, ifike maabara siku hiyo hiyo.

Seli T, aina ya chembe nyeupe za kinga, zikishatengwa, zioshwe vizuri, kwa maana masalia ya heparini huzuia PCR, njia ya kunakili vinasaba mara nyingi ili vipimwe. Zigawe mafungu mawili: moja liachwe lilivyo, la pili litiwe kingamwili dhidi ya CD3 na CD28, protini za juu ya seli T, ili ziamilishwe, kisha yote yakae katika inkubeta ya nyuzi 37 yenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi.

Saa za kuvuna seli zichaguliwe kwa kufuata jeni inayotafutwa. Jeni FOS na EGR1 huinuka ndani ya nusu saa hivi. IL2 hufuata baada ya saa chache, kwani huhitaji NFAT, protini ya kuwasha jeni ambayo huingia kwenye kiini baada ya kalsiamu kuamsha kimeng'enya kalsinyurini, pamoja na AP-1, protini nyingine ya kuwasha jeni, ambayo FOS ni sehemu yake. MKI67, alama ya seli zinazojigawa, hungojewa hadi siku ya pili au ya tatu. Anayevuna mara moja tu, baada ya saa 24, ataandika kwamba FOS haikubadilika, na atakuwa amekosea. Kila saa iwe na fungu lake lisiloamilishwa.

Jambo linaloharibu kazi nyingi, kwa maoni yangu, ni jeni ya kulinganishia, ile inayodhaniwa haibadiliki. GAPDH hutumiwa kwa mazoea, ilhali ni jeni ya kimeng'enya cha kuvunja sukari, na seli T iliyoamilishwa huvunja sukari kwa kasi kubwa; kipimo chenyewe hupanda pamoja na kinachopimwa. Jaribu jeni kadhaa katika seli zako mwenyewe, uchague zisizoyumba. Kumbuka pia kwamba RNA yote ya seli, yaani molekuli zinazonakiliwa kutoka kwa jeni, huongezeka, hivyo atakaye idadi ya nakala kwa kila seli azihesabu seli kabla ya kuzipasua, na aongeze RNA ya kigeni ya kiasi kinachojulikana.

Katika hesabu, tofauti ya mzunguko mmoja wa PCR ni takriban maradufu, na ya mizunguko mitatu ni mara 8, iwapo vianzishi, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, vinafanya kazi kikamilifu. Pima pia KLF2 na IL7R, ambazo hushuka seli inapotoka katika utulivu: zikibaki juu huku IL2 ikiwa imepanda kidogo tu, yumkini ni sehemu ndogo ya seli iliyoamka, na hilo lithibitishwe kwa kuhesabu seli zenye CD69, alama ya seli iliyoamilishwa, juu ya utando wake.