Seli ya jua kwa choya: namna ninavyoitengeneza na wanafunzi wangu

Seli ya jua ni kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Choya ninayotumia kuitengeneza maabara ni ile ile ya juisi, iliyokaushwa, naichukua sokoni hapa Dodoma. Wekundu wake, anthosianini, hunasa mwanga na kusukuma elektroni kwenye unga mweupe wa oksidi ya titani. Brian O'Regan na Michael Grätzel waliionyesha njia hii Lausanne, Uswisi, mwaka 1991, wakitumia rangi yenye metali ya rutheni, wakapata ufanisi wa zaidi ya asilimia 7. Yetu ya choya haifiki hata 1. Lakini mwanafunzi wa kidato cha tatu huiunda yote kwa mikono yake, na hilo paneli ya dukani haimpi.

Anza na kioo. Unahitaji vipande viwili vyenye utando wa oksidi ya bati na florini upande mmoja. Upande huo ndio unaopitisha umeme, ila kwa macho huwezi kuutambua. Pima kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme: utasoma kama ohmu 10 hadi 30, ule mwingine hausomi kitu. Mara ya kwanza sikupima. Nikapaka upande usiofaa, na darasa zima likaondoka bila kuona umeme. Iliniuma sana. Sasa napima, naweka alama kwenye kona, kisha napima tena.

Sasa ule unga wa oksidi ya titani. Wa kutengenezea rangi za ukutani haufai, chembe zake ni kubwa mno. Tafuta wenye chembe za nanomita 25 hivi kwa wauza kemikali za maabara, na uvae barakoa unapoupima. Weka gramu 2 kwenye kinu kidogo, saga huku ukiongeza siki nyeupe kidogo kidogo mpaka itimie mililita 3. Saga nusu saa nzima. Mkono utachoka, lakini mabonge yakibaki utando utabanduka. Mwishoni tia tone moja la sabuni ya vyombo, ukoroge taratibu usitoe povu.

Bandika selotepu kwenye kingo za kioo, upande unaopitisha umeme, mimina uji kidogo, uuvute mara moja kwa fimbo ya kioo. Ukishakauka, toa selotepu na uchome kwenye tanuri la maabara nyuzi 450 za Selsiasi kwa dakika 30. Utageuka kahawia, kisha mweupe tena. Zima, uache upoe humo humo, maana ukitoa mapema kioo hupasuka.

Loweka choya kwenye maji ya moto, chuja. Laza kioo humo dakika 10 mpaka utando uwe zambarau pote, suuza kwa maji, halafu kwa spiriti.

Kipande cha pili kipitishe juu ya mwali wa mshumaa, upande unaopitisha umeme ukitazama chini, kishike masizi. Vikutanishe uso kwa uso, kingo zikipishana ili upate pa kushikiza waya, uvibane kwa vibanio vya karatasi. Kisha dondoshea ukingoni mchanganyiko huu: ethilini glikoli mililita 10, iodidi ya potasiamu gramu 0.83, iodini gramu 0.13. Ni sumu, kwa hiyo siku hiyo hakuna juisi ya choya maabara.

Elekeza upande wa zambarau juani. Seli moja hutoa volti 0.3 hadi 0.5. Nne tulizounga mfululizo ziliwasha kikokotoo kidogo. Volti zikianza kushuka, angalia kwanza kama kimiminika kimekauka, uongeze tone.