Kutafuta Chanzo cha Onyo la "Data truncated" Unapoingiza Rekodi katika MySQL

Onyo namba 1265 la MySQL, programu ya hifadhidata, lisemalo "Data truncated for column 'kiasi' at row 3" (data ya safu ya kiasi imekatwa katika mstari wa 3), huwafanya wengi wakimbilie kuirefusha safu. Mimi mwenyewe niliwahi kuirefusha safu moja mara tatu kabla ya kugundua kwamba urefu haukuwa na hatia. Mara nyingi thamani iliyoletwa hailingani na aina ya data iliyotangazwa, hivyo MySQL huchukua inachokielewa na kutupa kilichobaki.

Hatua ya kwanza ni kusoma maonyo yenyewe, mara tu baada ya kuingiza data na kwa muunganisho uleule, kwa kuwa amri nyingine ikishapita juu ya jedwali orodha hiyo hufutika:

SHOW WARNINGS;

Orodha hiyo ina kikomo: katika toleo la 8.0 ni maonyo 1024 kwa kawaida, na katika 5.7 ni 64 tu, kwa hiyo ukiingiza faili kubwa usidhani umeyaona yote. Tazama pia namba, maana 1264 huhusu tarakimu iliyovuka mipaka ya safu, na hilo ni tatizo jingine.

Hatua ya pili, itazame safu iliyotajwa kwa SHOW CREATE TABLE, amri inayoonyesha jinsi jedwali lilivyotangazwa. Kwa aina za maandishi, kumbuka kwamba VARCHAR(20) huhesabu herufi, ilhali TEXT huhesabu baiti, mwisho 65,535.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Tengeneza jedwali la kupokelea (hapa linaitwa mapokezi) ambalo safu zake zote ni VARCHAR pana, ingiza data humo bila kuibadilisha, kisha ichunguze; CHAR_LENGTH huhesabu herufi, na HEX huonyesha baiti zake kwa namba za msingi wa 16:

SELECT kiasi, hali, CHAR_LENGTH(hali), HEX(hali) FROM mapokezi;

Tuseme safu ya kiasi ni INT (namba nzima) na thamani iliyokuja ni maandishi '12,500'. MySQL husoma hadi kwenye mkato, ikahifadhi 12, ikatoa onyo. Hapo dawa ni kuondoa mkato kwa REPLACE(kiasi, ',', ''), wala si kubadili aina ya safu. Tuseme tena hali ni ENUM('hai','imefungwa'), aina inayokubali maneno ya orodha yake tu, nayo ni safu ya mwisho katika faili lililoandaliwa kwenye Windows. Machoni unaona "hai", lakini CHAR_LENGTH inasema 4 na HEX inaonyesha 6861690D. Hiyo 0D ya mwisho ni alama ya mwisho wa mstari iliyobaki imeng'ang'ania neno, na kwa kuwa haimo katika orodha ya ENUM, kinachohifadhiwa ni maandishi matupu. Ingiza upya kwa LOAD DATA, amri ya kuingiza faili, ukitumia LINES TERMINATED BY '\r\n'.

Ukiona namba ileile 1265 lakini kiwango chake kimeandikwa Note, huenda ni safu ya DECIMAL(10,2), yaani yenye tarakimu mbili baada ya nukta, iliyopewa 7.455 ikakadiria hadi 7.46. Amua kama ukadiriaji huo unakubalika katika hesabu zako.

Hatua ya nne, jiulize kwa nini ulipata onyo badala ya kosa. Tangu toleo la 5.7, STRICT_TRANS_TABLES, yaani hali ya ukali ya MySQL, huwashwa kwa chaguo-msingi, nayo hukataa sehemu kubwa ya data ya namna hii. Angalia SELECT @@SESSION.sql_mode, na kama imo, chunguza kama umetumia INSERT IGNORE au LOAD DATA LOCAL, kwa sababu zote mbili hushusha makosa yakawa maonyo. Kwa maoni yangu INSERT IGNORE haifai kabisa katika kazi ya kuhamisha data.

Ikiwa baada ya yote hayo thamani ni halali na ni ndefu kweli, hapo ndipo urefushe safu kwa ALTER TABLE ... MODIFY, ukirudia NOT NULL na DEFAULT zilizokuwapo, la sivyo zitapotea. Rekodi zilizokwisha kukatwa hazitarudi kwa kurefusha; zifute, uziingize upya kutoka faili la asili.