Jinsi ya kutengeneza sini ya kwanza ambayo mtu hataisahau

Hii ni kwa wote mnaotengeneza muvi na tamthilia hapa Dodoma, wa Area C, wa Nkuhungu, wanafunzi wa UDOM mnaoshuti kwa simu wikiendi, na yeyote wa Kondoa au Singida mwenye kamera na hadithi. Nataka tuongelee dakika mbili za mwanzo tu, yani sini ya kwanza, lile tukio linalofungua muvi, mana hapo ndo tunapoteza watu wengi na inaniuma kwa sababu hadithi zenyewe ni nzuri. Mtu wa banda umiza ameshalipa kiingilio, atavumilia kidogo. Huyu wa YouTube hajalipa chochote na kidole kiko juu ya kioo tayari.

Angalieni mianzo yetu ilivyo. Droni inapita juu ya mji, wimbo unapigwa mpaka ubeti wa pili, majina ya waigizaji na watengenezaji yanapita, alafu geti linafunguliwa gari linaingia taratibu, au dada anaamka, anajinyoosha, anapiga mswaki. Muda wote huo hakuna mtu hata mmoja aliyetaka kitu. Bajeti haihusiki hapo, kamera haihusiki. Kuna jambo moja hatukuliamua kabla ya kushuti: mtazamaji ajue nini na afichwe nini. Ukishaliamua hilo kazi inakuwa nyepesi sana, kwaiyo anza nalo kabla hujaandika hata laini moja ya skripti.

Njia ya kwanza ni kumficha. Jaws ya Steven Spielberg, 1975, ile muvi ya papa anayeshambulia watu, wengi mmeiona. Usiku, vijana wamekaa na moto ufukweni, binti anakimbilia majini kuogelea, kijana aliyekuwa anamfuata kalewa na kajilalia mchangani. Binti anavutwa chini mara moja tu, kidogo, anashangaa. Anavutwa tena. Alafu anaburuzwa huku na huku anapiga kelele, mara maji yanatulia. Papa hatumwoni kabisa, tunaona uso wa binti na maji basi, na chini yake ule muziki wa John Williams unaoanza na noti mbili. Kuanzia hapo kila anayetia mguu baharini wewe unaogopa kwa niaba yake, na hiyo imetoka kwenye sini moja isiyo na papa.

Njia ya pili ni kumpa mtazamaji siri ambayo wahusika hawana. Touch of Evil ya Orson Welles, 1958, inaanza na mikono inayoseti bomu la saa, jamaa analitupia kwenye buti ya gari anakimbia, wenye gari wanakuja wanapanda wanaondoka. Tangu ile mikono kamera haikatwi, zaidi ya dakika tatu, gari linatambaa mtaani kwenye mji wa mpakani mwa Mexico na Marekani, linasimama kusubiri watu wavuke, maharusi wapya wanatembea kwa miguu pembeni yake wanaongea mambo yao, wanalipita, linawapita, wanafika wote kwa askari wa mpakani, na mwanamke aliye ndani ya gari analalamika kwamba anasikia tiki tiki kichwani mwake na hakuna anayemsikiliza. Ukiangalia kwa juu juu ni watu wanatembea tu. Lakini huwezi kuinuka kwenda hata kunywa maji, kwa sababu wewe unajua kilichopo kwenye buti.

Na hapa niseme kuhusu majina, mana tunabishana sana. Studio iliyotoa hiyo muvi ilibandika majina na muziki juu ya shoti yote hiyo, yani kile kipande kizima kisichokatwa. Mwaka 1998 ikaeditiwa upya kwa kufuata maelekezo aliyokuwa ameyaandika Welles mwenyewe, majina yakatolewa, muziki ukatolewa, sa ndo unasikia mtaa wenyewe, muziki wa baa hii unafifia unaingia wa baa nyingine jinsi gari linavyosogea. Kama sini yako ya kwanza ina nguvu usiifunike na majina, peleka mwisho, au yaweke sini ikishaisha. Prodyuza akigoma mwambie jina lake litasomwa na watu wengi zaidi wakiwa bado wapo.

Haya, tuje kwetu. Chukua stendi kuu pale Nanenane, basi la kwenda Kondoa linapakia, asubuhi. Mama wa makamo amevaa katambuga, khanga imepauka, amekumbatia ndoo ya plastiki ya lita kumi ambayo mfuniko umefungwa kwa mpira wa tairi. Kondakta anamfuata.

"Mama, hiyo ndoo ilete iende buti."

"Haiendi buti mwanangu."

"Basi utailipia siti."

"Siti shilingi ngapi?"

Anatajiwa, anafungua pindo la khanga, anatoa hela, analipa siti mbili. Bila kuomba apunguziwe. Wewe na mimi tunajua mama wa namna hiyo kwa maisha yetu haya asingeacha kuomba apunguziwe, na hapo ndo mtazamaji anakaa vizuri. Ndoo ina nini? Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyekufa, na umetumia basi, ndoo na waigizaji wawili.

Hiyo ni njia ya kumficha. Sasa geuza hiyo hiyo iwe njia ya pili. Shoti ya kwanza kabisa, chumbani, taa ya solar, mikono ya mama inapanga vibunda vya noti chini ya ndoo, inafunika na mfuko wa nailoni, inamwagia karanga juu mpaka ndoo inajaa. Kata. Tupo ndani ya basi, mama amekaa, safari hii mfuniko haukufungwa vizuri, na kijana wa siti ya nyuma anachungulia: "Mama karanga hizo? Nipimie kikombe basi." Mama anampimia. Jirani naye anataka. Mwingine wa mbele anageuka na hela mkononi, anataka sado nzima. Kila kikombe kinachotoka karanga zinashuka, na wewe unajua kilichopo chini na mama hawezi kukataa mana atashtukiwa. Mimi hii ya pili naipenda zaidi, inanibana kifua. Lakini kama hadithi yako yote inasimama kwenye fumbo la hela zimetoka wapi, usizioneshe mapema, bora ubaki na ile ya siti mbili. Usichanganye njia zote mbili kwenye sini moja, ukimwonesha nusu na kumficha nusu anachanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa anaondoka.

Ona pia nimeanzia wapi. Sikuanza mama anaamka, anachota maji, anapanda bodaboda, anafika stendi. Nimeanza pale ambapo mtu anataka kitu na mwingine anamzuia. Chukua skripti yako, tafuta hiyo sehemu, mara nyingi iko ukurasa wa tatu au wa nne, alafu futa kila kilicho juu yake. Utaumia kidogo. Kama kuna habari ya muhimu umeifuta, jina la mtu, ametoka wapi, itaingia baadae na itasikilizwa vizuri zaidi kwa sababu mtazamaji atakuwa anaitaka.

Sauti sasa, na hapa Dodoma tuna utajiri ambao hatuutumii. Tafuta Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone, 1968, ile sini ya stesheni, majambazi watatu wanasubiri treni. Dakika nyingi hakuna maongezi ya maana, unasikia kinu cha upepo kinakwaruza kwa kukosa grisi, inzi anamsumbua mmoja usoni, maji yanamdondokea mwingine kwenye kofia tone moja moja. Stesheni kavu, upepo, jua, imeshutiwa Hispania lakini ukiiangalia unaona kabisa pangeweza kuwa Bahi au Manyoni. Sisi upepo tunao, mabati yanayogonga tunayo, mbuzi tunao, baiskeli yenye mnyororo mkavu tunayo, alafu tunavifunika vyote na biti ya kudownload.

Upepo huo huo lakini ndo unaharibu maiki. Miezi ya Julai na Agosti usishuti maongezi nje bila kufunika maiki na sponji na juu yake kitambaa cha manyoya, au mfichie mwigizaji simu nyingine kifuani chini ya nguo irekodi sauti peke yake. Kabla hamjaondoka lokesheni wote nyamazeni, rekodi dakika moja nzima ya mahali penyewe bila mtu kuongea. Kwenye kuediti hiyo dakika ndo itaziba matobo yote. Na mlio wa kitu chako kikuu, kwa mfano kikombe kinavyokwangua karanga, urekodi peke yake kwa karibu kabisa.

Mwanga: kiangazi jua letu la saa sita linaua sura, macho yanakuwa mashimo meusi. Shuti kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa mbili, au jioni kuanzia saa kumi na moja, na ile vumbi ya stendi ikipigwa jua kwa nyuma inakuwa nzuri kuliko athari yoyote ya kompyuta.

Vibali msivipuuze. Bodi ya Filamu ndo wenye mambo ya vibali vya kutengeneza filamu, uongozi wa stendi nao uombwe mapema, na kwa mji huu wenye ofisi za serikali kila upande droni usiirushe kienyeji.

Ukishaediti, usiwaoneshe rafiki zako mlioshuti nao, wao wanajua hadithi. Nenda saluni, nenda kijiweni kwa bodaboda, mpe mtu simu aangalie hizo dakika mbili alafu simamisha, usimuulize kama ni nzuri mana atakwambia nzuri ili asikuvunje moyo. Muulize tu, "Unadhani nini kitafuata?" Akikujibu haraka kwa uhakika, mwanzo wako umeshazoeleka, badilisha. Akisema sijui huku anakurudishia simu, hajashikwa, rudi kwenye skripti. Akiwa anabishana na mwenzake kuhusu ndoo, mmoja anasema dawa za kienyeji mwingine anasema hela, acha kuigusa hiyo sini na uanze kuandika inayofuata.