Chanjo imeshika? Namna ya kupima kinga ya mbwa Malindi baada ya kampeni

Kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa ikiisha, huwa tunahesabu dozi zilizotumika na kufunga daftari. Lakini dozi iliyoshinda juani kijijini Ganda au Kakuyuni huandikwa sawa na ile iliyokaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Tofauti utaiona kwenye damu.

Hatua ya 1: Chagua mbwa kwa kura. Chukua orodha ya waliochanjwa, upige kura. Usiokote wale wapole wanaoletwa na watoto kwa kamba. Wakali nao wamo kijijini. Ukiweza, watoe damu siku ya chanjo kabla ya kuwadunga, kwani wengine wana kinga ya mwaka uliopita na watakudanganya.

Hatua ya 2: Rudi baada ya wiki nne hivi. Kingamwili, yaani askari wa damu wanaopambana na virusi, huwa nyingi kati ya wiki ya nne na ya sita. Andika umri, tarehe ya chanjo na hali ya mwili. Mwenye mbwa lazima akubali kwanza. Utaulizwa, “Mwanangu, si mlishamdunga huyu?” Jibu tu: “Naam mzee, twataka kujua kama dawa imeshika.” Wengi hapo hucheka na kumwita kijana aje amshike, maana mate ya mbwa ni najisi na mzee hataki kazi ya kujitwaharisha.

Hatua ya 3: Toa damu. Kila anayeshika mbwa awe amechanjwa yeye mwenyewe. Mfunge mbwa mdomo kwa bandeji, mwenzako abane mshipa wa mguu wa mbele kwa kidole gumba, nyoa, futa kwa spiriti, vuta mililita 3 hadi 5 polepole. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Linda sampuli. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kwa joto letu. Damu mbichi usiitie kwenye barafu mara moja. Isimamishe kivulini mpaka igande, kisha zungusha kwenye mashine na utenge majimaji ya juu. Yakiwa ya manjano, safi. Yakiwa mekundu, chembe nyekundu za damu zimepasuka na kipimo kitayumba. Gandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hadi yafike maabara. Barabara ya Jilore hutikisa sana; ni heri utenge kabla ya safari.

Hatua ya 5: Soma majibu. Kiwango kinachokubalika kimataifa ni yuniti 0.5 za kingamwili kwa mililita. Kipimo cha FAVN, kinachoangalia kama kingamwili zinazuia virusi, hutumia virusi hai, kwa hiyo hufanywa na maabara chache zenye ulinzi mkali. ELISA, kipimo kingine cha kingamwili kisichohitaji virusi hai, ni nyepesi zaidi. Mbwa mmoja akiwa chini ya 0.5, si lazima awe hana kinga, mwili wake huenda unakumbuka chanjo. Kijiji kizima kikishuka, kagua friji na vipimajoto vyako.

Halafu piga hesabu ambayo wengi huiruka. Tuseme umechanja nusu ya mbwa na 9 kati ya 10 wameitikia: waliokingwa ni asilimia 45, ilhali lengo la kuchanja ni 70. Hapo tatizo si dawa, ni mbwa ambao hamkuwafikia, pamoja na watoto wa mbwa waliozaliwa baadaye. Unaporudisha majibu kwa wenyewe, beba dozi na barafu.